Mfalme Anayengoja Kicheko

Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu wote kipi bora, jukwaa au simu. Nilikuwa na andazi mdomoni na sikutaka kuharibu sherehe yangu mwenyewe, kwa hiyo nilitikisa kichwa tu kama mtu anayefikiri sana. Mkapiga makofi. Sasa andazi limeshuka na nina nafasi, maana aliyestaafu hana kingine ila nafasi na mgongo unaouma. Nitajibu, ila mtanivumilia nianze mbali.

Kwanza mjue sijawahi kuigiza. Miaka yote niliyozunguka na kundi letu kwenye shule za Kisumu, Siaya na Homa Bay, hakuna mwanafunzi aliyeniona, na kama aliniona basi siku hiyo nilikosea kazi. Mimi nilikuwa pembeni. Nilishona mavazi, niliwasha taa na kuzizima, nilivuta pazia pale palipokuwa na pazia, na mwigizaji akisahau maneno nilimnong'onezea. Kwingine mtu wa namna hiyo anaitwa meneja wa jukwaa. Kwetu watu walikuwa wakisema tu, "Muulize Zuhura."

Niliingia kazini kwa sababu ya cherehani. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo pale Kaloleni, Kisumu, na Mwalimu Oduor, mwanzilishi wa kundi hili, alikuja dukani kutafuta mtu wa kumshonea joho la mfalme. Ilikuwa karibu na Idi, baba amezama kwenye kanzu za watu, akaninyooshea kidole mimi. Mwalimu Oduor alikuwa ameacha kufundisha sekondari ili azunguke na michezo ya kuigiza, jambo ambalo mke wake alikuwa akiwasimulia majirani kama vile mtu anasimulia ugonjwa.

"Soko la Kibuye unalijua?" akaniuliza.

"Nimezaliwa hapa, Mwalimu."

"Basi twende. Mfalme wetu tutamtoa kwa mitumba."

Alikuwa amekuja na kijana mrefu, mwembamba, anayeitwa Omondi. Huyo ndiye aliyekuwa mfalme. Sikuona mfalme wowote. Niliona mtu aliyekula muhogo wa kuchoma njia nzima kutoka Kaloleni hadi sokoni bila kumkaribisha mtu. Tulipekua marundo ya nguo mpaka nikapata pazia zito la mahameli, rangi ya damu ya mzee, limechanika upande mmoja tu.

"Hiyo ni ya sitting room ya wazungu, sister," mama mwenye nguo akaniambia. "Ukiweka hiyo kwa nyumba, hata mgeni ataogopa kukaa."

"Si ya nyumba. Ni ya mfalme."

"Mfalme gani? Wa Kisumu hapa?"

"Wa mchezo."

"Yawa! Si mlete huyo mfalme tumwone."

Omondi akameza muhogo, akajitupia pazia mabegani, akapanda juu ya belo la mitumba. Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Lazima mjue mchezo wenyewe ulihusu nini. Mwalimu Oduor alikuwa ameuandika mwenyewe: kuna ukame, na mfalme ameifunga chemchemi pekee ya nchi, ameweka walinzi, huku yeye mwenyewe anakuja kwa siri kunywa. Kila asubuhi anawakusanya watu na kuwauliza swali lile lile. Basi Omondi akasimama juu ya belo, akalitazama soko lote la Kibuye, akauliza kwa sauti iliyowafanya hata wauza nyanya wa upande wa pili wageuke:

"Nani amekunywa maji yangu?"

Mama mwenye nguo hakufikiri hata kidogo. "Ni wewe! Hata mdomo bado umelowa!"

Omondi hakucheka. Aligeuza shingo polepole, polepole kabisa, akamkazia macho yule mama, akasema chini chini, "Nani amesema hivyo?" Soko likaangua kicheko. Mwalimu Oduor alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Kuanzia siku hiyo swali la pili likaingia kwenye mchezo, na mama wa Kibuye hajawahi kujua kwamba ameandika tamthilia.

Vitabu vya mtihani hubadilika, nasi tulibadilika navyo. Kila vilipotoka vipya tulijifunza vipya, tukapeleka shuleni, wanafunzi wakaona kwa macho yale waliyokuwa wakikariri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Lakini mchezo wa mfalme tulikuwa nao siku zote, tukiuongeza mwishoni kama zawadi, na baada ya muda walimu walikuwa wakiutaja kabla ya kile kitabu. Omondi naye hakuitwa tena Omondi. Aliitwa Ruoth, yaani mfalme kwa Kijaluo, hata kwenye kibanda cha chai.

Mwanzoni hakuwa mzuri hivyo. Katika shule ya kwanza tuliyokwenda pamoja, ya wavulana, alipokunywa maji kwa siri na kujipangusa mdomo kwa joho, ukumbi mzima ulicheka, na yeye akaendelea kusema juu ya kicheko kama mtu anayekimbizwa. Hakuna aliyesikia neno. Jioni Mwalimu Oduor alimkalisha kwenye benchi.

"Omera, ndugu yangu, wewe unaigiza na nani?"

"Na wenzangu."

"Na wale mia ngapi walioketi pale? Hao si wenzako? Wakicheka, wanasema laini yao, maneno yao ya mchezoni. Waache wamalize."

Akamfundisha kuacha mlango. Ndivyo tulivyoita: kuacha mlango, yaani kunyamaza mahali panapojulikana ili watazamaji waingie. Mwalimu Oduor alikaa kwenye kiti chake, akacheka peke yake kwa nguvu, ha ha ha, huku Omondi amesimama amevaa pazia. "Usingoje kiishe. Kikiisha umechelewa, ukumbi umepoa. Kikianza kushuka tu, ingia." Walirudia hivyo wiki nzima. Majirani walidhani mzee amerukwa na akili, na mke wake hakuwakatalia.

Mimi nami nilikuwa na mlango wangu, wa mwisho kabisa. Mwisho wa mchezo watu wote wamehama nchi, mvua imekuja, chemchemi imejaa hadi inamwagika, na mfalme amebaki peke yake. Anainama, anachota maji kwa kiganja, anauliza pole pole, "Nani atakunywa maji yangu?" Hakuna jibu. Hapo taa zinazimwa. Lakini si mara moja. Omondi alikuwa akiuweka mkono wa kushoto nyuma ya joho, mahali ninapouona mimi peke yangu, kiganja kimeinuka: bado. Siku nyingine ukumbi ulikuwa mgumu, kiganja kikashuka haraka. Siku nyingine ungesikia mtu akimeza mate kule nyuma, na kiganja kiko palepale juu, nami nimeshika swichi bila kuibonyeza. Kilipoanguka, nilizima. Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo, wala sikuwahi kumuuliza anajuaje.

Mnaouliza kuhusu vifaa: tochi mbili, maana moja itakufa; pini nyingi kuliko unavyodhani; chaki ya kuchora sakafuni kila mtu asimame wapi; makaa ya kuchorea ndevu, ambayo hayatoki usoni kirahisi na yamewahi kumtia mlinzi mmoja wa mfalme matatani kwa mkwe wake. Na kabla ya yote, tafuteni mpishi. Shule nyingi hazina ukumbi, mtaigiza dining, yaani bwaloni, na swichi ya taa za dining mara nyingi iko jikoni nyuma ya sufuria la githeri. Ukigombana na mpishi, umeigiza gizani.

Siku ngumu zilikuwepo, lakini nitasimulia moja tu. Tulikuwa shule moja ya wasichana huko Ahero, msimu wa mvua, mashamba ya mpunga yamejaa na barabara imeanza kupotea. Tulikuwa katikati ya mchezo wa mfalme, ukame umewaka, watu wanalia kiu jukwaani, mvua ikashuka. Paa la mabati. Nyie mnajua mvua ya huko Kano ikipiga mabati. Hata ukijipigia kelele mwenyewe hujisikii. Waigizaji wakanitazama, nami sina la kuwanong'onezea wala wa kunisikia. Omondi akaketi kwenye kiti chake cha enzi. Akainua uso akalitazama paa kwa hasira, kama mfalme ambaye ametoa amri na mbingu zimekataa kutii. Wasichana wakaanza kuanguka kwenye mabenchi. Hatukusikia kicheko chao, tulikiona tu. Kisha akaendelea na mchezo mzima bila sauti, kwa mikono na shingo na macho. Alipofika kwenye swali lake, akafungua mdomo, akaliuliza kimya kimya, na ukumbi mzima ukamnyooshea vidole. Akageuka polepole kutafuta nani amesema. Sijaona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe, na nasema hivyo nikiwa na wajukuu.

Mwalimu Oduor alituacha, Mungu amrehemu, na mimi na Omondi tukabaki wazee wa kundi. Baadaye ikaja korona, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa walimu wengi walikuwa wamegundua kwamba kitabu cha mtihani kinaweza kuonyeshwa kwa video ukutani, bila kulisha waigizaji chakula cha mchana. Siwalaumu. Tulikuwa tunakula sana. Nanyi vijana mkaanza vile vichekesho vyenu vifupi vya simu, na msidhani nilivinunia. Kile cha mama mkwe na pasi nilikitazama mpaka bando likaisha. Lakini simu za walimu zilikuwa hazilii tena kwetu, na joho la mahameli lilikaa sandukuni mpaka likaanza kunuka sanduku.

Kisha sauti ya Omondi ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, ikawa si mafua. Daktari alimwambia kuna uvimbe kwenye koo, lazima akatwe, na akishakatwa pengine asiseme tena. Alikuja nyumbani kwangu Manyatta akaniambia yeye mwenyewe, ameketi kwenye kochi huku kofia iko magotini.

"Zuhura, nataka tumrekodi mfalme kabla."

"Kabla ya lini?"

"Kabla sijanyamaza."

Nililia pale pale, sikujificha. Yeye alinywa chai yake yote akaomba nyingine.

Tulimpata Kevin, ambaye wengi wenu mnamjua. Kevin hurekodi harusi, na zaidi matanga, maana huku kwetu jeneza haliondoki nyumbani bila kamera, na ndugu walioko ng'ambo lazima waone kila kitu moja kwa moja. Kijana mwenye adabu, anajua kazi yake. Tulikodi ukumbi mjini, akazima feni zote kwa sababu zinanguruma, akafukuza muuza njugu aliyekuwa mlangoni, akaomba viti vyote vitolewe ili kamera ipate kutembea. Nilichora chaki zangu sakafuni kama kawaida. Omondi alisimama na joho lake akiutazama ukumbi mtupu.

"Sasa watu watakaa wapi?"

"Watu wako ndani ya hii, mzee," Kevin akasema, akiigonga kamera kwa kidole.

Tukaanza. Mfalme akaja kwa siri, akanywa maji, akajipangusa mdomo kwa joho. Akanyamaza. Kevin akainua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Kata! Mzee, umesahau laini?"

"Sijasahau."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Wanacheka."

Kevin akageuka kuangalia ukumbi. Nilikuwepo mimi, walinzi wawili wenye mikuki ya mbao, malkia, na ufagio uliosimamishwa kwenye kona ya nyuma, karibu na mlango.

"Nani, mzee?"

"Wewe rekodi tu."

Na haikuwa Omondi peke yake. Malkia alisimama na mtungi kichwani akingoja kicheko kisichokuja. Walinzi walingoja. Mimi mwenyewe nilichelewesha taa mahali ambapo wanafunzi hupiga meza. Tulikuwa tumeuigiza mchezo ule na wanafunzi kwa muda mrefu hivi kwamba hatukujua kuuigiza bila wao. Tuliwaachia milango yote, na hakuna aliyekuwa nje. Lilipofika swali la "Nani amekunywa maji yangu?" Omondi akangoja jibu, kisha akageuza shingo polepole hadi kona ya nyuma karibu na mlango, maana katika kila shule duniani watundu hukaa hapo, akaukazia ufagio macho. "Nani amesema hivyo?" Sauti ilikuwa imekwaruza lakini ilikuwa yake. Kevin alirekodi yote bila kukata tena. Nadhani alimwonea huruma.

Omondi akaenda akapasuliwa koo. Alirudi mzima wa afya, kitambaa shingoni, na hana sauti hata ya kunong'ona. Akawa anatuandikia kwa simu na kututumia vile vikatuni vya kucheza, ambavyo nilidhani ni vya watoto.

Kevin alipoweka kipande cha kwanza mtandaoni, tulikaa sote kusoma watu walichoandika chini yake. "Imehang ama ni network yangu?" Mwingine, "Nimefunga nikafungua, bado imekwama." Mwingine, "Huyu mzee amelala?" Omondi alisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku hiyo hakututumia kikatuni chochote. Iliniuma sana, kwa sababu pale walipodhani imekwama ndipo alipokuwa hodari kuliko watu wote.

Wiki iliyofuata Kevin alikuja kwa Omondi na kompyuta yake. Alikuwa amekata milango yote. Mfalme alikuwa akisema bila kupumua, na lile swali la pili lilikuwa limetolewa kabisa. "Hapo anaongea na nani, sasa?" Kevin akasema. "Hakuna mtu amejibu." Nilimtazama Omondi. Mfalme wa kwenye kompyuta alipojipangusa mdomo, mkono wa Omondi aliyeketi pale kitini uliinuka wenyewe kidogo, kiganja juu. Mfalme akaendelea kusema. Mkono ukabaki pale hewani, kisha akaurudisha gotini.

"Mzee, mimi nakuheshimu," Kevin akasema. "Lakini mtu ako kwa kitanda na simu, bando inaisha. Ukinyamaza, yeye ameenda."

Nami nilimwona Kevin ana haki, nikasema hivyo. Video si ukumbi. Omondi akaandika kwenye simu yake akatuonyesha: *Hapo nimenyamaza ndio nafanya kazi.* Kisha akaandika tena: *Hiyo ni sauti yangu imebaki. Usiikate.*

Kevin akajikuna kichwa. Ile video ndefu ilikuwa inajaza mashine yake na alikuwa na matanga ya kurekodi wikendi. Wakati huo huo alikuwepo mwalimu mmoja wa Kiswahili, Madam Awuor, anayefundisha wasichana karibu na Luanda Kotieno, aliyekuwa ametuandikia akiomba mchezo wa mfalme kwa wanafunzi wake. Alisema yeye mwenyewe aliuona akiwa msichana Ahero, siku ile ya mvua. Tukakubaliana hivi: tutampelekea ile ndefu, Kevin aje na mashine ya kuonyesha ukutani. Wasichana wakichoka, ile fupi ndiyo itakayobaki, na ile ndefu ataifuta. Omondi aliinua kidole gumba. Uso wake ulikuwa umekauka.

Tulifika mchana. Wasichana waliziba madirisha ya dining kwa blanketi zao za bwenini, shuka jeupe likatundikwa, mpishi akatupa ugali na samaki, ngege, kabla hata hatujaomba. Madam Awuor alikuwa mwanamke mfupi, firimbi shingoni, akasimama nyuma kabisa kwenye kona ya mlangoni ili achunge nidhamu. Mimi na Omondi tuliketi benchi la mwisho, upande ule mwingine. Hakuna msichana aliyemjua. Walimwona mzee tu mwenye kofia na kitambaa shingoni.

Mfalme akanywa maji. Akajipangusa mdomo. Akanyamaza.

Wasichana nao wakanyamaza. Sauti ikatoka mbele, "Madam, imehang!" Wakacheka kile kicheko kibaya, cha kuicheka mashine. Kevin akanitazama kutoka kwenye kompyuta yake. Mlango wa pili ukaja, ukapita mtupu. Wa tatu, msichana mmoja akalaza kichwa juu ya meza. Nilitamani sakafu inimeze. Omondi hakuwa akitazama shuka. Alikuwa akiwatazama wasichana, mikono magotini, na nikaona anapumua kama vile anavyopumua kabla ya kutoka jukwaani.

Mfalme akawakusanya watu wake. "Nani amekunywa maji yangu?"

Shuka lilikuwa limetulia, mfalme ametulia, anangoja.

"Ni wewe!"

Sauti ilitoka kwenye kona ya nyuma, karibu na mlango. Ilikuwa ya Madam Awuor. Ilimtoka tu, alikuwa ameshajiziba mdomo kwa mkono, firimbi inaning'inia. Na pale kwenye shuka mfalme akageuza shingo, polepole, polepole kabisa, akapita vichwa vya wasichana wote hadi kwenye kona ile ile, akamkazia macho.

"Nani amesema hivyo?"

Kisha msichana mmoja akapiga ukelele, "Madam! Amekuona!" Dining yote ikalipuka. Waligeuka kumtazama mwalimu, wakageuka kumtazama mfalme, wakapiga meza, aliyekuwa amelala akapanda juu ya benchi. Mfalme akangoja. Kikaanza kushuka. Kilipoanza kushuka tu, akaingia na laini yake, na hakuna neno lililopotea.

Kuanzia hapo hakuna aliyewafundisha. Kila mlango walioukuta waliingia. Walimcheka, wakamzomea, wakamwonya malkia asimwamini. Kevin alikuwa amesimama, mikono kichwani, anarudia peke yake, "Wueh. Amejuaje? Ni yeye amejuaje?" Omondi alikuwa akicheka na wasichana, mabega yanatikisika, bila sauti yoyote, machozi yanamtiririka hadi kwenye kitambaa. Nami nilikuwa namshika mkono nikilia naye, mama mzima, mbele za watoto wa watu.

Ukafika mwisho. Mfalme peke yake, chemchemi inamwagika. Akachota maji kwa kiganja. "Nani atakunywa maji yangu?" Wasichana walikuwa kimya, na sasa kilikuwa kimya cha watu. Picha ikaisha, shuka likawa jeusi, dining ikawa giza na mistari ya jua pembeni mwa blanketi.

Msichana wa zamu akainuka akaenda kwenye swichi, iliyokuwa ukutani nyuma yangu, kwa bahati nzuri si jikoni. Nilihisi kitu upande wangu wa kushoto. Sikuhitaji kuangalia, lakini niliangalia. Omondi alikuwa ameketi wima, macho yake kwa wasichana, na mkono wake wa kushoto uko nyuma ya mgongo, kiganja kimeinuka.

Nikasimama nikamshika yule msichana kidole kabla hakijafika. "Bado," nikamnong'onezea, nikageuka kukitazama kile kiganja, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikingoja kishuke.